Gunia la tatu: shajara ya wiki kumi na mbili

Jumapili, 8 Juni 2025

Leo nimefungua leja. Kazini mimi ni mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi, na sijui kuandika shajara kwa namna nyingine: kuna kinachoingia, kinachotoka, na salio. Mali yenyewe safari hii ni plastiki yote itakayovuka mlango wa nyumba yetu hapa Tabata kuanzia leo hadi mwisho wa Agosti. Hakuna kutupa. Kila kitu kitaoshwa, kitaanikwa, kisha kitaingia kwenye magunia matatu kibarazani. La kwanza ni la makopo, yaani chupa za maji na soda. La pili ni la plastiki ngumu: madumu, vifuniko, ndoo zilizopasuka. La tatu ni la mengineyo.

Chanzo ni mtaro ulio nyuma ya nyumba. Masika yaliyopita ulifurika mara mbili, na mara zote vijana wa mtaa walipoingia kuuzibua walitoa kitu kama godoro: nailoni, pakiti na matambara, vyote vimeshikana kwa tope. Mtaro huo unateremka hadi Mto Msimbazi, na Msimbazi unapita Jangwani na kumwaga baharini karibu na Daraja la Salenda. Jirani mmoja alisimama pale akasema, "Watu wachafu sana hawa." Nikajiuliza watu gani, maana juu ya pale kwenye mtaro ule kuna nyumba nne tu, na moja ni yangu.

Mama watoto kakubali kwa masharti mawili. Anayetaka kuhifadhi ndiye atakayeosha. Na siku akimwona panya, mradi umekwisha. Tumeanza katikati ya Idd, wageni bado wanaingia na kutoka, na gunia la kwanza limefika nusu kabla sijamaliza kuchora mistari ya leja.

Jumapili, 15 Juni

Kupima. Nimeazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza mkaa, ambaye alitaka kujua nauza nini. Gunia la kwanza lina kilo moja na kitu, la pili pungufu ya kilo. La tatu mshale haukusogea vizuri, ilhali limevimba kama limejaa maharage.

Kwa hiyo la tatu nimeamua kuhesabu vipande badala ya kupima. Mimi na binti wa darasa la tano tumekaa mkekani tukahesabu hadi 143. Nailoni za sukari ya robo. Pakiti za sabuni ya unga, za majani ya chai, za viungo vya pilau, za juisi ya unga. Maganda ya pipi na ya bisi. Nailoni ndefu nyembamba za barafu za ubuyu, ambazo hakuna mtoto anayekiri kuzila. Mfuko wa maziwa. Tyubu ya dawa ya meno. Huyu binti aliandika 144 na nilipomkosoa akanionyesha kipande kilichonata kwenye kiwiko changu.

Alhamisi, 19 Juni

Shemeji kaja na mtoto mchanga, atakaa siku nne. Swali: pempasi inaingia kwenye leja? Ndani yake kuna plastiki nyingi, kuanzia kitambaa cha juu hadi zile punje zinazonyonya mkojo. Nimejibiwa kwamba nikiingiza hata moja kibarazani, nitalala nayo. Zimeandikwa kwa idadi tu. Stoo haikuzipokea.

Jumapili, 22 Juni

Kapita kijana anayenunua makopo, yule mwenye mkokoteni wa magurudumu ya pikipiki. "Shikamoo mzee. Nasikia una mzigo." Habari zimeshafika mtaa mzima.

Nilidhani nitamfundisha kitu. Nusu saa baadaye nilikuwa mwanafunzi. Huyu bwana haangalii kitu ni nini, anaangalia chini yake. Kila chupa ina pembetatu ya mishale yenye namba. Moja ni chupa za maji na soda. Mbili ni madumu na chupa za shampuu. Tano ni ndoo, mabeseni, vifuniko vingi. Tatu, ambayo ni PVC ya mabomba tunayouza sisi dukani, haitaki kabisa, kwa sababu ikichanganyika na mzigo wa moja inauharibu wote kwenye kuyeyushwa. Chupa nyeupe ina bei, ya bluu pungufu, ya kijani na kahawia pungufu zaidi. Lebo inabanduliwa. Kifuniko na ile pete yake vinatolewa, kwa sababu ni plastiki nyingine.

Alipoona siamini kuhusu kifuniko, aliomba beseni la maji. Akakata kipande cha chupa kwa kisu, akakitumbukiza pamoja na kifuniko. Kipande kikazama, kifuniko kikaelea. "Kiwandani wanatenganisha hivihivi," akasema. Watoto walicheza mchezo huo hadi jioni na leo najua kwamba dumu huelea na kalamu ya wino huzama.

Kachukua gunia la kwanza na la pili, kalipa, kanipa na salamu. La tatu alilifungua, akatia mkono hadi kwenye kiwiko, akachambua kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea, akafunga.

"Hii haina soko, mzee."

"Hata kidogo?"

"Hii hata ukinipa na hela sichukui. Nitaimwaga wapi?"

Leja inasoma: gunia la kwanza, salio sifuri. La pili, salio sifuri. La tatu, vipande 301.

Jumapili, 29 Juni

Wiki nzima nimesumbuliwa na lile "haina soko". Nimekata pakiti ya sabuni ya unga kwa wembe nikaichambua pembeni. Unaweza, ukiwa na subira, kuona kwamba si kitu kimoja. Kuna utando wa juu unaobeba picha na rangi, kuna wa ndani unaoyeyuka kwa joto ili pakiti ijifunge, na kwenye pakiti za bisi na kahawa kuna wa katikati unaong'aa, ambao ni alumini nyembamba mno. Kila utando una kazi yake: mmoja unazuia unyevu, mwingine hewa, mwingine unashika gundi. Ndiyo maana bisi zinakaa dukani miezi na bado zinalia mdomoni. Ni ufundi mkubwa. Na kwa sababu ya ufundi huohuo, hakuna anayeweza kuzitenganisha tena kwa gharama inayolipa.

Mtu aliyebuni hiki kitu alifikiria kila hatua ya safari yake hadi mdomoni mwa mlaji. Baada ya hapo hakufikiria tena.

Jumapili, 6 Julai

Nimeongeza gunia jingine kwa mengineyo, lile la mwanzo limejaa. Nikiwa nalifungua, nikagundua nimefanya kosa la kitoto kwenye leja: magunia yenyewe sijayaingiza. Viroba hivi vya unga ni plastiki, vimefumwa kwa utepe wa polipropilini, namba tano ileile ya ndoo. Nahifadhi plastiki ndani ya plastiki na najiona mwangalifu.

Hapa nitatoka nje ya hesabu kidogo. Baba yangu alikuwa mkata mkonge, wilaya ya Korogwe. Gunia kwetu lilikuwa la katani, kamba ilikuwa ya katani, kapu la sokoni la ukindu au la katani, na mkeka ambao mama alitandika kwa wageni nao ulikuwa wa ukindu. Tulisoma shule kwamba mkonge uliletwa Tanga na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche elfu moja, ikafika hai 62 tu, na kutoka hiyo 62 yakaja mashamba yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki kama moja ya kumi yake.

Wazee wa kambini walilaumu utaifishaji wa 1967, na hawakukosea, mashamba mengi yaliendeshwa ovyo baada ya hapo. Lakini bei ilikuwa imeanza kuanguka tayari. Mteja mkubwa wa katani alikuwa mkulima wa Ulaya na Marekani aliyefungia majani makavu ya ng'ombe, na huyo mkulima alipata kamba ya polipropilini, nyepesi, rahisi, isiyooza. Isiyooza: hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake ya kuiuzia. Baba alirudi nyumbani siku moja mashine ya korona, ile ya kuchambua nyuzi za mkonge, ikiwa imesimamishwa, akiwa na mzigo wake umefungwa kwa kamba ya bluu. Sikuliona hilo kuwa ajabu mpaka leo jioni, nikiwa nimeshika hiki kiroba.

Magunia yameingizwa kwenye leja. Manne.

Jumatano, 9 Julai

Juzi Saba Saba. Watoto walikwenda viwanjani na mjomba wao, wakarudi na mzigo wa wiki nzima kwa siku moja: bendera, baluni zilizopasuka, chupa sita, miwani isiyo na kioo, na mifuko mitano ya kubebea, mizuri, ya rangi, inayofanana na kitambaa.

Mama mkwe aliikunja mitano yote akaiweka kabatini. "Hii si rambo, hii ni nguo." Nikachukua ukingo wa mmoja nikauwekea kiberiti. Haukuungua kama nguo. Ulijikunja, ukayeyuka, ukadondosha tone jeusi. Namba tano tena.

Wanaokumbuka Juni mosi 2019 wanakumbuka jinsi rambo zilivyopotea. Sheria ilitoka na faini, kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000 kwa kuukamata tu mfuko mkononi, na kwa kweli mji ulibadilika. Ile miti yenye mifuko myeusi kama kunguru kwenye matawi haipo tena. Mimi naiunga mkono sheria ile hadi leo. Mbadala uliotajwa lazima uwe na angalau gramu 70 kwa mita ya mraba ili udumu, utumike tena na tena. Nimepima mmoja kati ya hii mitano kwa mizani ya dukani, ile ya misumari midogo, nikapiga hesabu ya eneo. Haufiki. Na tulicho nacho kabatini sasa, ukihesabu na ya zamani, ni mifuko thelathini na moja ya kutumia tena na tena. Hakuna hata mmoja anayekumbuka kutoka nao.

Jumapili, 20 Julai

Nimekwenda kukaa kwa Mangi. Zaidi ya nusu ya gunia la tatu inatoka dukani kwake, na nilitaka kujua kwa nini haniuzii mafuta ya kupima kama zamani, mtu unakuja na chupa yako.

Mangi ni mtu wa hesabu, si wa kulaumu. Alinihesabia. Wateja wake wengi wanalipwa kwa siku: kibarua, bodaboda, mama ntilie, fundi. Anayepata fedha kwa siku ananunua kwa siku. Sabuni ya leo, chai ya leo, mafuta ya mboga ya leo. Zamani muuzaji ndiye aliyekuwa anapima: kibaba cha mchele, kijiko cha majani, kipimo cha mafuta. Akipima, kuna kumwagika, kuna kuibiwa, kuna mteja anayesema kipimo chako kimebonyezwa, kuna bwana afya. Pakiti imekwisha kumpimia. Na kampuni ya sabuni imempakia duka rangi bure, imempa na vibanio vya kutundikia.

"Mimi nauza uaminifu wa mtu mwingine," akasema. Nimeiandika kama alivyoisema.

Nikamuuliza nani anapata hasara. Tukachukua pakiti ndogo za sabuni, tukazijumlisha hadi zifike uzito wa mfuko wa kilo. Zinazidi, na si kwa kidogo. Kwa maneno mengine, jirani yangu anayefua kwa pakiti moja moja analipa sabuni ghali kuliko mimi, na juu yake anapewa plastiki nyingi kuliko mimi, kisha mtaro ukiziba maji yanaingia kwake kwanza kwa sababu nyumba yake iko chini. Na sisi tuliosimama kwenye ukingo tunasema watu wachafu sana hawa.

Mangi kakubali kurudisha dumu la mafuta ya kupima kwa majaribio. Chupa yako, kipimo changu.

Jumapili, 27 Julai

Panya. Si mmoja. Walikuwa wametengeneza kiota ndani ya gunia la tatu kwa pakiti za maziwa zilizochanwachanwa vizuri sana, na nilikuwa sijaziosha sawasawa. Mama watoto hakusema neno, alinitazama tu.

Tumekubaliana: magunia yahamie nje, juu ya meza ya mabati, juani. Siku ya kwanza ya kutooshwa kitu ndiyo siku ya mwisho.

Jumapili, 3 Agosti

Binti wa darasa la tano kauliza kama shati langu la kazini linaingia kwenye leja. Kasoma lebo: poliesta. Nikamwambia usipoteze muda. Kisha nikakumbuka kwamba poliesta na chupa ya maji ni kitu kilekile, namba moja, tofauti ni kwamba kimoja kimevutwa kuwa uzi. Zaidi ya nusu ya nyuzi zinazotengenezwa duniani sasa ni hiyo. Tumepekua kabati: sweta za shule, soksi, mapazia, karibu mitumba yote niliyonunua Ilala, na kanga mbili za mama mkwe ambazo aliuziwa kama pamba. Kila zikifuliwa zinaacha vumbi la nyuzi kwenye maji, na maji hayo tunamwaga mtaroni.

Sikuingiza nguo. Leja ina mipaka, na mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

Jumapili, 10 Agosti

Ripoti ya Mangi: wiki tatu za mafuta ya kupima. Wanaokuja na chupa ni akina mama wa makamo na wazee, na mimi. Watoto wanatumwa mikono mitupu, na Mangi, asimpoteze mteja, anawapimia ndani ya nailoni na kuifunga fundo. Nimezikuta mbili kwenye gunia langu mwenyewe. Kijana wangu wa kidato cha pili anasema chupa "inaaibisha" kubeba barabarani.

Gunia la tatu, hata hivyo, wiki hii vipande 96. Sitaki kujisifu; wiki hii watoto hawakupewa hela ya bisi.

Jumapili, 17 Agosti

Redioni wamesema mazungumzo ya Geneva yamevunjika Ijumaa bila makubaliano. Ni mkataba ule wa plastiki ambao nchi ziliazimia kuuandika zikiwa Nairobi, Machi 2022, na ulitakiwa uwe tayari mwisho wa 2024. Busan ulishindikana, sasa tena. Upande mmoja unataka uzalishaji wenyewe uwekewe kikomo. Upande mwingine, wenye mafuta na gesi ambavyo ndivyo malighafi ya plastiki, unataka yazungumzwe mambo ya taka tu.

Mwaka 2019 dunia ilitengeneza tani kama milioni 460, na katika taka zake asilimia 9 ndizo zilizorejelezwa. Mtunza stoo yeyote akiletewa takwimu hizo hatauliza habari za mafagio. Atafunga mlango wa kupokelea kwanza.

Tena sisi tunajua inawezekana. Viroba, zile pakiti ndogo za pombe kali, vilipigwa marufuku hapa Machi 2017, na leo huvipati. Kilichoingia badala yake ni vichupa, na vichupa kijana wa mkokoteni anavichukua. Pakiti ya kiroba na ya sabuni ni ileile kwa umbo. Tofauti ni kwamba ile ya pombe ilileta walevi, na walevi walionekana.

Jumapili, 24 Agosti

Jioni jirani wa nyumba ya chini kaja na beseni. "Hodi. Samahani jirani, nasikia una nailoni nyingi. Naomba kidogo za kuwashia mkaa."

Wiki kumi na moja, na huyu ndiye mteja wa kwanza wa gunia la tatu.

Nikamweleza moshi wake: kwamba zile zenye PVC zinatoa asidi na sumu nyingine mbaya, kwamba wajukuu wake wanakaa karibu na jiko. Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akasema mafuta ya taa yamepanda, na mkaa hauwaki kwa maneno. Nikampa rundo la karatasi za ankara za zamani kutoka kazini. Alishukuru, akachukua, akaliangalia gunia tena.

"Sasa hizi wewe unaziweka za nini?"

Sikuwa na jibu. Saa moja usiku moshi mweusi ulipita juu ya ukuta wetu ukielekea kwa wengine. Nailoni alikuwa nazo za kwake.

Jumapili, 31 Agosti

Kufunga leja. Gunia la kwanza: limetoka mara nne, salio sifuri. La pili: limetoka mara tatu, salio kikombe kimoja cha plastiki kisicho na namba. La tatu: magunia matatu kamili, hakuna lililotoka.

Nilipoinua la zamani kuliko yote, lile lililokaa juani tangu Julai, kiroba kilichanika mkononi kama karatasi na kumwaga vumbi jeupe la utepe wake, punje ndogondogo zilizopeperuka hadi kwenye mboga za mama mkwe. Jua limelila kwa wiki tano. Niliokota nilizoweza kuona.

Asubuhi gari la taka lilipita. Tunalipa ada yetu, tuna haki yetu, nikawapandishia magunia mawili. La tatu nimelibakiza, sijui kwa nini. Nadhani nataka Mangi alione. Kwenye leja kila toleo lina safu nne: tarehe, idadi, linakokwenda, sahihi ya mpokeaji. Nikaandika tarehe. Idadi, mawili. Linakokwenda, Pugu Kinyamwezi. Nikamnyooshea kalamu kijana aliyening'inia nyuma ya gari.

"Nisaini nini, mzee?"

"Kwamba umepokea."

Alicheka hadi dereva akageuka, akagonga bati mara mbili, gari likaondoka.